Kidari na nundu vinahitaji muda, si shoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie nyama, kazi inayonilisha mimi na wanangu. Nina bucha Tabata Segerea, niliyoachiwa na marehemu mume wangu, na gazeti lako hulisoma pale pale dukani wateja wa asubuhi wakishapungua. Jumapili iliyopita mlitoa makala kuhusu vyakula vya Texas, Marekani. Nilifurahi kuiona, kisha nikasikitika nilipoisoma. Mwandishi wenu alisema barbekyu ya Texas ni nyama choma yetu iliyopakwa sosi tamu. Chini yake akaweka pishi la chili, mchuzi mzito wa nyama na pilipili wa huko: nyama ya kusaga, maharage ya kopo, nyanya ya kopo, dakika ishirini chakula mezani. Yote mawili si kweli, na upotoshaji huo unatunyima kitu ambacho sisi wa Dar es Salaam tungeweza kuanza kukitumia wiki hii hii.

Mdogo wangu wa kiume anaishi Houston, huko huko Texas, anaendesha malori. Nilipokwenda kumwona alinipeleka kila panaponukia moshi wa kuni, kwa kuwa anajua dada yake ni mtu wa bucha. Niwatoe wasiwasi Waislamu wenzangu mapema: Houston kuna bucha za halali, na kidari tulichokula kilitoka huko, akakipika mwenyewe nyuma ya nyumba huku mimi nikikesha naye. Huko Lockhart, mji unaosifika kwa barbekyu, nilikwenda kutazama na kuuliza tu, sikula. Lakini aliyezoea gogo na kisu anajifunza mengi kwa kutazama. Na bahati nzuri kwetu ni kwamba Texas ni nchi ya ng'ombe. Majimbo ya Carolina barbekyu yao ni nguruwe. Texas, na hasa katikati ya jimbo, mfalme wa jiko ni kidari cha ng'ombe.

Sasa tofauti yenyewe. Nyama choma yetu hukaa juu ya makaa, moto unaipiga moja kwa moja, na baada ya saa moja au moja na nusu mteja anakula na ndizi na kachumbari. Naipenda na sitaki mtu aiguse. Kidari cha Texas hakiuoni moto kabisa. Jiko lao ni pipa refu la chuma lililolazwa, lenye kisanduku cha moto ubavuni. Kuni za mwaloni zinawaka humo kisandukuni, na kinachopita juu ya nyama ni joto na moshi tu, mpaka vitokee kwenye bomba la upande wa pili. Joto linashikiliwa kati ya nyuzi 110 na 135 za Selsiasi. Kidari kizima cha kilo 5 au 6 kinakaa humo saa 12, mara nyingine zaidi. Kinapakwa chumvi na pilipili manga iliyosagwa chenga chenga, basi. Sosi, kama ipo, inawekwa pembeni, na kuna maduka ambayo kwa miaka mingi yaliona ni dharau kwa mpishi ukiiomba.

Kwa nini saa zote hizo? Ng'ombe hana mtulinga kama binadamu, kwa hiyo uzito wake wa mbele unabebwa na misuli ya kifua. Misuli hiyo inafanya kazi maisha yake yote, ndiyo maana imejaa utando mweupe mgumu, kolajeni. Ukiutia kwenye moto mkali unajikaza na kuibana nyama mpaka inakuwa ya kutafuna kutwa. Ukiupa joto dogo kwa saa nyingi unayeyuka na kugeuka jelatini, ile ile inayofanya supu ya kongoro iwe nzito na kunata midomoni. Hakuna kiungo wala utomvu wa papai utakaofanya kazi hiyo kwa namna hiyo. Ni muda tu.

Usiku ule nyuma ya nyumba ya mdogo wangu, joto la ndani ya nyama lilipanda vizuri mpaka karibu nyuzi 70, kisha likasimama. Likasimama saa nzima, likasimama nyingine. Mimi nikainuka niongeze kuni. Akanishika mkono: "Dada, kaa. Inatoa jasho." Kumbe maji yanayotoka ndani yanavukizwa juu ya nyama na kuipoza kwa kasi ile ile ambayo moto unaipasha. Wapishi wengi wanapofika hapo wanaharibu kwa haraka. Yeye alisubiri mpaka ganda la juu likawa jeusi na gumu, akakifunga kidari kwenye karatasi nene ya bucha isiyo na nta, akakirudisha jikoni mpaka ndani kukafika nyuzi 95 na kijiti kikapita bila kugoma. Halafu, hata baada ya hapo, hakuruhusu kisu. Kilipumzika zaidi ya saa moja kikiwa bado kimefungwa. (Mhariri, zamani sisi wenye bucha tulifungia nyama kwenye magazeti. Kwa kazi hii watu wasijaribu, wino utaingia kwenye mafuta. Karatasi ya kaki isiyoandikwa inatosha.)

Kipande cha kwanza alinikatia mwisho wa upande wenye mafuta. Sikukitafuna, kilijiachia chenyewe mdomoni, na chumvi na pilipili manga vikabaki nyuma na ladha ya moshi. Nimeuza kidari maisha yangu yote ya ukubwani na sikuwahi kujua kwamba hicho kimo ndani yake.

Lockhart ni mji mdogo kusini mwa Austin, ambao Bunge la Texas liliutangaza makao makuu ya barbekyu ya jimbo hilo mwaka 1999. Duka la barbekyu la Kreuz Market la hapo lilianza 1900, na jingine, Black's, linafanya kazi tangu 1932. Kilichonigusa si umri wao. Kilichonigusa ni kwamba sehemu nyingi za aina hiyo zilianza kama bucha! Wajerumani na Wacheki waliohamia katikati ya Texas karne ya 19 walileta ujuzi wa kukausha nyama kwa moshi. Siku hizo hakuna friji, na nyama isiyonunuliwa ingeoza, kwa hiyo vipande vigumu na vilivyobaki viliingia kwenye moshi nyuma ya duka. Vibarua waliokuja kuchuma pamba walivinunua kwa uzito na kuvila pale pale juu ya karatasi. Mpaka leo ukiingia unapimiwa kwenye mizani, unafungiwa kwenye karatasi, unatafuta benchi.

Makala yenu iliwataja wachunga ng'ombe wa kizungu peke yao, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Kabla ya bucha hizo, waliochimba mitaro, waliochoma kuni mpaka zikawa makaa na kukesha wakigeuza nyama kwenye karamu za matajiri wa pamba walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa. Tangazo la Rais Lincoln wa Marekani la kuwaachia huru lilianza kutumika tarehe 1 Januari 1863, lakini jeshi la serikali lilipofika Galveston, pwani ya Texas, na kulisoma agizo la uhuru ilikuwa 19 Juni 1865. Kila mwaka siku hiyo watu weusi wa Texas huadhimisha kwa kuwasha moto, nyama na vinywaji vyekundu, na tangu 2021 ni sikukuu ya taifa zima la Marekani. Mdogo wangu alinipeleka Emancipation Park hapo Houston, ardhi ambayo waliokuwa watumwa walichangishana fedha kuinunua mwaka 1872 ili wapate mahali pao pa kuadhimisha. Kule mpakani kusini nako Wameksiko walikuwa wakizika kichwa cha ng'ombe kwenye shimo lenye makaa usiku mzima. Mwandishi wenu angetaja mikono hiyo yote, hata kwa sentensi moja.

Nije kwenye chili. Hii nayo ni habari ya nyama ngumu na muda, ila kwenye sufuria. Chakula hiki kilipata jina San Antonio, ambako kuanzia miaka ya 1880 hivi wanawake wa Kimeksiko walipanga meza na majiko yao jioni kwenye viwanja vya mji, wakiuza bakuli la nyama iliyopikwa na pilipili kavu kwa senti chache. Taa za kandili, wateja wa kila aina, askari, wachuuzi, matajiri waliotoka kwenye starehe zao. Walikuwa mama lishe wa mji ule, na walisifika mpaka mwaka 1893 kukawa na kibanda cha chili ya San Antonio kwenye maonyesho makubwa ya dunia Chicago. Miaka ya 1930 kanuni za afya za mji ziliwabana, na kufikia miaka ya 1940 meza zao zilikuwa zimeondoka viwanjani. Texas ikaja kukitangaza chakula chao kuwa chakula rasmi cha jimbo mwaka 1977, wenyewe wakiwa hawapo. Sipendi jinsi habari hiyo ilivyoisha, na nadhani miji yetu ina la kujifunza hapo kabla haijaondoa sufuria za watu barabarani.

Maharage hayamo. Huko Terlingua, jangwani karibu na mpaka wa Meksiko, kuna mashindano ya chili yaliyoanza 1967, na kanuni za mashindano hayo haziruhusu maharage kwenye sufuria. Rais Lyndon Johnson, mtu wa Texas, alipenda chili yake bila maharage, na mkewe alichapisha pishi hilo kwenye kadi kwa sababu watu waliliomba mno. Maharage wanayala, tena sana, lakini kwenye bakuli lake.

Ninavyoipika mimi hapa Segerea ni hivi. Natumia kilo moja na nusu ya nyama ya mkono au ya shingo, na siku nyingine vipande vilivyobaki nilipokisafisha kidari. Naikata kwa kisu vipande vidogo vya kuingia kwenye kijiko, siisagi. Pilipili ndiyo yenye kazi. Wao wana pilipili zao kavu kubwa, nyeusi kidogo, zenye utamu kuliko ukali. Hapa sizipati, kwa hiyo nakwenda kwenye maduka ya viungo ya Kisutu na kununua zile pilipili ndefu nyekundu kavu zilizokunjamana, zenye rangi nyingi na ukali mdogo. Gramu 60 zinatosha. Natoa vikonyo na mbegu, nazipasha kwenye kikaango kikavu mpaka zinukie, kwa uangalifu kwa sababu zikiungua hata kidogo sufuria nzima itakuwa chungu. Naziloweka kwenye maji ya moto nusu saa, nazisaga kwenye blenda na kuchuja maganda. Anayetaka ukali aongeze pilipili kichaa moja au mbili, lakini ajue rangi na ladha zinatoka kwenye zile za kwanza.

Nyama naikaanga kwa mafuta ya ng'ombe mwenyewe, kidogo kidogo, ikauke na kupata rangi ya kahawia. Ukiitupa yote kwa mkupuo itatoa maji na kuchemka. Halafu kitunguu maji kikubwa kimoja, punje tano au sita za kitunguu saumu, vijiko viwili vya chai vya bizari nyembamba niliyoikaanga kavu na kuitwanga hapo hapo, oregano kavu kijiko kimoja cha chai, chumvi. Namimina rojo la pilipili, naliacha likaangike na mafuta mpaka yapande juu, ndipo naongeza maji ya kufunika nyama. Moto mdogo kabisa wa gesi, saa mbili na nusu au tatu, kifuniko kikiwa nusu wazi. Mwishoni nakoroga vijiko viwili vya mezani vya unga wa mahindi kwenye maji baridi na kutia ili mchuzi ushike. Wao wanatumia unga wa mahindi yaliyochemshwa na chokaa, wenye harufu yake, lakini sembe inafanya kazi ya kuzidisha uzito bila tatizo. Tone la ndimu, basi. Kesho yake ni tamu zaidi. Wanangu wanaila na chapati, mimi na ugali wa dona. Nyanya sitii, wapo wa Texas wanaotia na wapo wanaogombana nao.

Kilichonifanya niandike barua ndefu hivi, Mhariri, ni haya yanayofuata.

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Wanashuka kutoka Shinyanga, Singida na Dodoma mpaka mnada wa Pugu, wanachinjwa Vingunguti usiku, na alfajiri wako kwenye ndoano za bucha zetu. Na hapo anayesubiri ni kijana mwenye shoka. Mteja anasema, "Mama, nipimie nusu ya mchanganyiko, usinizidishie mifupa," na shoka linapita kwenye kidari, mbavu na shingo bila kuuliza kiungo kiko wapi. Steki na sarara tunazitenga kwa heshima. Kidari tunakipasua na mifupa yake, kinakuwa nyama ya supu, au mbaya zaidi kinawekwa kwenye makaa kama mishkaki na mteja anaondoka akisema ng'ombe alikuwa mzee. Ng'ombe hakuwa mzee. Alipewa moto usio wake.

Najua hoja itakayokuja, kwamba ng'ombe wetu si kama wao. Ni kweli. Wa kwao wananeneshwa kwa nafaka na kidari kina tabaka nene la mafuta. Wetu wametembea, wamekula majani, na kidari kizima nikikitoa vizuri kinapata kilo 3 hivi, chembamba. Nimejifunza kukabiliana na hilo: mafuta yote yaliyopo yanabaki, nyama inalala na chumvi kwenye friji usiku mmoja, bakuli la maji linakaa ndani ya pipa karibu na moto, na karatasi inafungwa mapema kuliko wanavyofanya wao. Baada ya muda wa saa nane hivi motoni inakuwa tayari.

Lakini tuna kitu ambacho ng'ombe wengi wa Texas hawana. Tuna nundu. Ng'ombe wetu wa asili amebeba mgongoni kipande ambacho mafuta yamepita katikati ya nyama nyuzi kwa nyuzi, na utando wa kutosha wa kuyeyuka. Brazil, walikojaza ng'ombe wa asili ya India wenye nundu, wanaipika polepole kwa saa nyingi na kuionea fahari. Nilipoiweka nundu kwenye pipa langu kwa namna ya Texas, chumvi na pilipili manga ya Muheza tu, ilitoka laini kuliko kidari cha Houston. Nasema hivyo mbele ya mdogo wangu na anajua.

Pipa langu lilitengenezwa na mafundi wa kuchomelea wa Gerezani, kutokana na pipa la lita 200 lililokuwa la mafuta ya kula. Asichukue mtu pipa la kemikali. Na hata la mafuta ya kula liunguzwe kwa moto mkali, likiwa tupu, kabla ya kuweka nyama. Kuni nisingependa mtu akate mti kwa ajili hii. Serikali inahimiza nishati safi na nakubaliana nayo, chili yangu naipikia gesi. Kwa pipa natumia matawi ya mipera na michungwa yanayopogolewa mashambani Mkuranga, yakishakauka vizuri. Mkwaju pia unafaa. Mbao za ujenzi zenye dawa au rangi, hapana kabisa, moshi wake ni sumu.

Wenye bucha wenzangu, wa Tabata, Kimara, Mbagala na kwingine, msianze na vingi. Mwambieni kijana aweke shoka chini kwenye kifua na nundu ya ng'ombe mmoja wa Alhamisi, atumie kisu chembamba afuate mfupa. Washeni Ijumaa usiku, Jumamosi mchana mko tayari kuuza kwa uzito, kwenye karatasi, na kachumbari pembeni kwa anayetaka. Vipande vinavyobaki mnaposafisha viingie kwenye sufuria ya chili na kuuzwa kwa bakuli. Mkumbuke tu kwamba nyama hii inapoteza karibu nusu ya uzito wake kati ya kisu, mafuta yanayochuruzika na maji yanayovukizwa. Kilo mbili mbichi zinakupa kilo moja ya kuuza, kwa hiyo bei ya kilo iliyoiva isipungue mara mbili ya ile mbichi, na juu yake muweke kuni na mshahara wa aliyekesha.

Muuza bucha,
Tabata Segerea,
Dar es Salaam